Ruzuku ya mbolea: hela ya serikali inapita wapi?

Mvua za Novemba zikikaribia, kuanzia Mbozi hadi Ludewa, huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, swali huwa ni lile lile kwenye mikutano ya kijiji na kwenye vilabu vya ulanzi: serikali imetangaza mabilioni ya ruzuku, mbona sisi hatujayaona?

Na hamtayaona. Ruzuku ya mbolea ya hapa kwetu haipiti mfukoni mwa mkulima. Haipiti kwa mtendaji wa kijiji wala halmashauri, na hata wakala wa pembejeo anayekuuzia mfuko hapokei hela hiyo kutoka Hazina. Inalipwa kwa kampuni iliyoingiza au kuzalisha mbolea, tena baada ya wewe kuwa umeshanunua. Hili likieleweka, mambo mengi yanayoonekana kama visa vya mtu mmoja mmoja, foleni, jina kutoonekana, mbolea kuishia mjini, yanaanza kuonekana kuwa ni tabia ya mfumo wenyewe.

Tuanze na hesabu, maana ruzuku ni hesabu kabla ya kuwa siasa. Agosti 8, 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango huu kwenye kilele cha Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale, Mbeya. Serikali ilitenga shilingi bilioni 150. Bei ya soko ya mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, wakati huo ilitajwa kuwa shilingi 131,676. Mkulima akatakiwa kulipa 70,000. Urea, mbolea ya kukuzia, ilikuwa 124,734, nayo ikawa 70,000. CAN na SA, nazo za kukuzia, zikashuka pia: CAN kutoka 108,156 hadi 60,000, SA kutoka 82,852 hadi 50,000. Tofauti ndiyo ruzuku: 61,676 kwa mfuko wa DAP, 54,734 kwa Urea.

Sasa chukua bilioni 150 uigawe kwa wastani wa 58,000 hivi kwa mfuko. Unapata mifuko kama milioni 2.6, au tani 130,000 kwa nchi nzima. Kwa mkulima anayepanda ekari moja kwa mfuko mmoja wa DAP na kuikuzia kwa mfuko mmoja wa Urea, hizo ni ekari milioni 1.3. Mabilioni yanayotajwa jukwaani ni mengi kweli, lakini ukiyageuza kuwa mifuko yanapungua haraka. Na mpango haukuwa wa mahindi peke yake: viazi vya Njombe, mpunga wa Mbarali na kahawa ya Mbozi vyote viko kwenye foleni hiyo hiyo.

Kwa nini serikali iamue kulipa kampuni na si mkulima? Hapo lazima turudi nyuma kidogo, kwa sababu mfumo huu ni mtoto wa makosa ya mifumo iliyotangulia.

Wazee wa Ismani na Mbozi wanaikumbuka enzi ya bei moja nchi nzima. Mahindi ya Nyanda za Juu Kusini yalinunuliwa na serikali kwa bei ile ile ya mikoa iliyo jirani na Dar es Salaam, na mbolea nayo ilifika kwa bei ile ile, umbali ukibebwa na serikali. Ndipo Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma zikaitwa mikoa minne mikubwa ya mahindi. Kisha yakaja mageuzi ya uchumi. Kati ya 1990 na 1995 ruzuku ilipunguzwa hatua kwa hatua hadi ikafutika, na mbolea ikaachiwa soko. Kwa mtu aliye zaidi ya kilomita 800 kutoka bandarini, soko maana yake ni nauli ya lori juu ya mfuko.

Msimu wa 2003/04 serikali ikarudi na ruzuku ya usafirishaji. Haikumfaa sana mkulima, kwa kuwa ilikuwa vigumu kuhakikisha kwamba nauli iliyolipwa kwa mfanyabiashara kweli imeshuka kwenye bei ya dukani. Bei za chakula duniani zilipopanda mwaka 2008, ukaja mpango wa vocha, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Huo wengi tunaukumbuka vizuri. Vocha zilikuwa tatu: ya mbolea ya kupandia, ya mbolea ya kukuzia na ya mbegu, zote za kutosha ekari moja. Vocha ilibeba karibu nusu ya bei, nusu nyingine ukajaza mwenyewe. Kamati ya vocha ya kijiji ilichagua wanaostahili: wakazi wa kijiji wanaolima wenyewe, wenye mahindi au mpunga usiozidi hekta moja, kipaumbele kikiwa kwa kaya zinazoongozwa na wanawake. Ulipewa misimu mitatu, halafu ujitegemee.

Kwenye karatasi, vocha ilikuwa ruzuku nzuri kuliko zote tulizowahi kuwa nazo. Ilimlenga mtu mdogo na ilimwekea mipaka mtu mkubwa. Iliangukia kwenye kamati. Utafiti wa wachumi uliofanywa Kilimanjaro ulikuta kaya za viongozi wa kuchaguliwa wa vijiji zimechukua karibu asilimia 60 ya vocha. Sitaki kusema Mbeya ilikuwa vivyo hivyo, lakini nani kati yetu hakusikia habari za majina ya ndugu kwenye orodha? Palikuwa pia na ugonjwa mwingine: mkulima asiye na hela ya kujazia alimwuzia wakala vocha yake kwa hela kidogo ya haraka, wakala akaenda kuibadilisha benki kana kwamba mbolea imetoka. Kila aliyehusika alipata chake, isipokuwa mahindi. Mpango uliisha msimu wa 2013/14.

Waliobuni mfumo wa 2022 walikuwa na hofu hizo mbili kichwani: kamati inayochagua, na karatasi inayoweza kuuzwa. Dawa yao ikawa kuondoa uchaguzi (kila mkulima aliyesajiliwa anastahili) na kuondoa karatasi (malipo yafuate mfuko ulioskaniwa). Ni wazo lenye akili. Lakini limehamishia tatizo sehemu nyingine.

Safari ya malipo inaanzia kwenye ofisi ya kijiji. Unajiandikisha kwa mtendaji ukiwa na kitambulisho na namba ya simu, unataja ukubwa wa shamba na zao. Taarifa zinaingia kwenye mfumo unaosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, TFRA, nawe unapata namba yako ya usajili. Ekari ulizotaja ndizo zinazoamua mifuko unayoruhusiwa kununua.

Kisha duka la wakala. Fikiria Mlowo, mji mdogo wa Mbozi, asubuhi ya Desemba 2022, udongo mwekundu umeganda kwenye magurudumu ya bodaboda zilizopangwa nje. Mama anasogea kwenye kaunta, anatoa kikaratasi kilichokunjwa mara nne chenye namba yake. Kijana wa duka anaiandika kwenye simu, anasubiri. Jina linatokea, ekari mbili. “Mama, una mifuko minne, unachukua yote?” Mama anafungua fundo la kitenge, anahesabu. Zinatosha mfuko mmoja wa DAP na mmoja wa Urea. Kijana anavuta mifuko miwili kutoka kwenye rundo, anaelekeza kamera ya simu kwenye msimbo uliobandikwa juu ya kila mfuko, simu inalia mara moja kwa kila mfuko. Hapo ndipo ruzuku inapozaliwa. Kabla ya mlio ule, ule ni mfuko wa biashara tu. Baada yake, kampuni inaidai serikali shilingi 61,676 kwa mmoja na 54,734 kwa mwingine.

Na kama mtandao hakuna? Mfuko hauskaniwi, kwa hiyo haudaiwi. Wakala akikuuzia kwa bei ya ruzuku bila kuuskani, hasara ni yake. Ndiyo maana kwenye duka lenye mifuko imejaa hadi mlangoni unaweza kuambiwa “njoo kesho, mtandao umekata”, ukadhani unazungushwa. Mara nyingi huzungushwi, ila pesa ya mfuko ule haiwezi kuzaliwa bila mtandao. Hata mazoea ya kununua mbolea ya kupima, kilo tano leo na kilo kumi wiki ijayo, hayana nafasi hapa: msimbo uko kwenye mfuko mzima. Asiye na hela ya mfuko mzima kwa mkupuo yuko nje ya mpango bila mtu yeyote kumwondoa.

Baada ya kuskani, rekodi zinapanda, madai yanakusanywa, yanahakikiwa, ndipo Hazina inalipa. Kampuni imeshanunua mbolea kwa dola, imeshalipa meli, bandari na lori. Upande wa mkulima, kwa bei za 2022, imepata 70,000. Ile 60,000 nyingine ni deni la serikali, na deni la serikali lina kalenda yake. Jiweke kwenye kiti cha meneja wa kampuni hiyo. Tani zako mia chache za Oktoba, utazipeleka wapi kwanza? Utazipeleka Makambako, Mbeya mjini, Tunduma, mahali ambapo lori linafika kwa lami hadi mlangoni na mifuko mia mbili inaskaniwa kwa siku. Kupeleka mifuko arobaini Makete ya ndani, ambako itakaa wiki tatu na mtandao ni wa kupanda mlima, ni kuchelewesha hela zako mwenyewe. Hakuna aliyekaa akaamua kwamba wa vijijini walale nje ya duka mjini. Bei ni moja lakini nauli si moja, na malipo yanamfuata anayeskani haraka.

Hapo ongeza tatizo la majira. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mkulima wa huku ana hela Julai hadi Septemba, akishauza mahindi, kisha zinakatika: ada, sare, harusi, madeni. Akiikuta mbolea dukani Agosti, ananunua ya kupandia na ya kukuzia kwa pamoja. Akiikuta Desemba, anauza mbuzi au anakopa kwa mtu atakayelipwa kwa magunia. Ruzuku ile ile, kwa bei ile ile, ina thamani tofauti kulingana na mwezi ilipofika.

Tuje kwenye upotevu, kwa sababu mfumo wa kidijitali haukumaliza ujanja, umeubadilisha sura. Orodha ikiwa ndiyo ufunguo, orodha ndiyo itakayochezewa. Mtu wa ekari tatu anaandikisha kumi. Namba ya mkulima asiye na hela inaazimwa na mwenye hela, kwa elfu tano tano. Mifuko inaweza kuskaniwa kwa namba za watu ambao hawakufika dukani. Na palipo na mpaka ujanja unanoga: Tunduma uko hatua chache kutoka Zambia, Kasumulu hatua chache kutoka Malawi, na mfuko wa 70,000 upande huu ukiwa 120,000 upande ule hauhitaji mtu kuusukuma. Polisi wanaweza kukamata malori, lakini pengo la bei ndilo linaloyapakia.

Kuna wanaokosa bila ujanja wowote. Kaya nyingi zimesajiliwa kwa jina na simu ya baba. Baba akiwa machimboni Chunya na laini yake, mama aliyebaki na jembe hana namba. Wanaokodi mashamba nao hujikuta kati ya watendaji wawili, wa kijiji anakoishi na wa kijiji anakolima, kila mmoja akimwelekeza kwa mwenzake. Mtendaji naye, kwa haki, ana kijiji kizima cha kuandikisha, mikutano na kesi za mipaka, na hakuna aliyempa siku za ziada za kuhakiki ekari shambani.

Nani basi ananufaika zaidi? Hapa nina maoni yangu na nitayasema. Ruzuku inayofuata mfuko inamfuata mwenye ekari na mwenye hela taslimu. Yule mama wa Mlowo, akichukua mifuko miwili, amebeba ruzuku ya shilingi 116,410. Jirani yake wa ekari kumi, akichukua mifuko yote ishirini, amebeba 1,164,100. Jirani hajaiba kitu, kafuata utaratibu. Lakini mfumo wa vocha ungempa jirani huyo sifuri, kwa kuwa amezidi hekta moja, na mama angepata ya ekari moja. Tulikimbia kamati zenye upendeleo tukaangukia kwenye kanuni isiyo na upendeleo ambayo inampa mwingi aliye navyo vingi. Mimi ningeweka ukomo: mifuko minne ya kwanza kwa ruzuku kamili, inayofuata kwa nusu, na kuanzia ekari kumi ununue kwa bei ya soko. Mfumo tayari unajua ekari za kila mtu na unahesabu kila mfuko, kwa hiyo kinachokosekana si teknolojia.

Najua jibu la upande wa pili, na lina uzito: mkulima wa ekari kumi ndiye anayepeleka mahindi sokoni, ndiye anayelisha Dar es Salaam, na shabaha ya serikali mwaka 2022 ilikuwa chakula cha taifa kisipungue baada ya vita vya Ukraine kupandisha mbolea. Kama shabaha ni gunia, mfumo uko sawa. Kama ni kaya maskini, haujalengwa huko. Wanasiasa husema vyote viwili katika hotuba moja.

Bei ya dunia nayo inaamua mengi kimya kimya. Urea ilipofika kileleni mwaka 2022 kisha ikashuka kwa zaidi ya nusu kufikia katikati ya 2023, mkulima aliyezoea kulipa 70,000 hakuona mabadiliko makubwa, lakini serikali iliona. Tuseme bei ya soko imeshuka hadi 95,000: ruzuku imebaki 25,000 kwa mfuko, na bilioni zile zile zinanunua zaidi ya mara mbili ya mifuko. Kwa hiyo ukisikia mwaka fulani bajeti imepungua, usikimbilie kusema mkulima ametupwa. Uliza kwanza bei ya bandarini.

Kuna uamuzi mmoja ambao ruzuku imekuachia wewe mwenyewe pale kaunta, nao unawagharimu wengi: mfuko upi. Kwa bei za 2022, SA ya 50,000 ilionekana rahisi kuliko Urea ya 70,000. Lakini mbolea ya kukuzia unainunua kwa ajili ya naitrojeni. Urea ina asilimia 46, kwa hiyo mfuko una kilo 23 za naitrojeni. Kila kilo umeinunua kwa shilingi 3,040 hivi. SA ina asilimia 21, ambayo ni kilo 10 na nusu. Kila kilo inakuja karibu 4,800. CAN, yenye kilo kama 13 kwa mfuko, inakaa kwenye 4,600. Mfuko wa bei ndogo ndio wa gharama kubwa. SA ina salfa, na kuna mashamba yanayoihitaji, ila hiyo iwe sababu uliyoambiwa na bwana shamba baada ya kupima udongo, isiwe kwa sababu hela imepungua. Na sehemu nyingi za nyanda hizi zina udongo wenye tindikali, ambao SA na Urea huuongezea tindikali mwaka hadi mwaka. Kwenye udongo huo fosforasi ya DAP hufungwa isimfikie mmea, na unakuwa umelipa 70,000, serikali imelipa 60,000, mahindi hayajala. Dawa yake ni chokaa, na mawe ya chokaa yako hapa hapa Songwe. Kama ningekuwa nagawa bilioni hizo, fungu la chokaa lingetangulia. TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo kilichoko Mbeya, wanapima udongo. Nenda na sampuli kabla ya Oktoba, si mvua ikishaanza.

Upande wa pili wa hesabu uko kwenye gunia, na huu husahaulika kabisa pale ruzuku inapojadiliwa. Mfuko wa 70,000 unarudi kwa gunia moja la kilo 100 kama mahindi ni shilingi 700 kwa kilo. Yakishuka hadi 350, unahitaji magunia mawili kuurudisha mfuko ule ule, na hiyo ni kabla ya mnunuzi hajakuletea lumbesa, lile gunia linalojazwa kupita kipimo. Bei hiyo haipangwi na TFRA. Inategemea NFRA, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, imenunua kiasi gani Makambako, Songea na Sumbawanga na imelipa lini, na inategemea kama mpaka uko wazi. Juni 2017 serikali ilipiga marufuku kuuza mahindi nje, na mwenye ghala lililojaa hakuhitaji kuelezwa maana yake.

Weka namba juu ya hilo. Ekari moja, mifuko miwili, ruzuku 116,410 kwa bei za 2022. Tuseme umevuna magunia 15, ambayo ni mavuno mazuri ya mtu aliyepalilia kwa wakati, na umeyauza yote. Bei ikishuka kwa shilingi 78 tu kwa kilo kati ya siku uliyopanda na siku uliyouza, ruzuku yote uliyopewa na serikali kaunta imeshachukuliwa sokoni.